Saa ya mfukoni ya dhahabu yenye maandishi ya Glashütte: ni ya Lange au si yake?

Chumbageni77

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua saa za kale za mfukoni. Saa iko hapa Tanga, ni mali ya familia, na sonara anataka kuinunua kwa uzito aiyeyushe. Kabla hajajibiwa nataka tujue tumeshika nini.

Kipenyo ni mm 52 bila shingo, uzito wote g 94. Ina mifuniko mitatu: wa mbele unaofunika kioo, wa nyuma, na wa ndani unaofunika mashine. Ndani ya mfuniko wa nyuma kumegongwa 585 (dhahabu ya karati 14), kiduara chenye taji ndani yake, na namba ya tarakimu tano inayoanza na 5. Mfuniko wa ndani hauna 585. Kwenye bamba la mashine kumechorwa "Deutsche Uhrenfabrikation Glashütte i/SA" pamoja na namba ile ile. Uso ni wa enameli nyeupe, una duara dogo la sekunde kwenye 6, na ufa mwembamba kama unywele karibu na 9.

Ikijazwa inatembea kama robo saa, inasimama, ikitikiswa inaendelea. Mishale haisogei hata kichwa cha kujazia kikivutwa. Kila anayetaja Glashütte, mji wa saa wa Ujerumani, anamtaja Lange, fundi aliyeanzisha kazi hiyo huko, lakini jina Lange halipo popote kwenye saa hii. Ni yake, ni ya kiwanda kingine, au ni ya kuiga? Na kuna hatari gani fundi wa mtaani akiifungua?

Raskazone_Kale

La kwanza kabisa, msikivute tena hicho kichwa cha kujazia. Saa nyingi za Glashütte za enzi hiyo hazisetiwi kwa kuvuta. Fungua mfuniko wa mbele, angalia ukingo wa kasha karibu na shingo. Utaona kijipini kidogo kimejitokeza, wakati mwingine kimezungushiwa kingo mbili za kukilinda. Kibonyeze kwa ukucha, kishikilie hapo hapo, ndipo uzungushe kichwa cha kujazia. Mishale itatembea. Ukiachia kijipini, kichwa kinarudia kazi yake ya kujaza.

Anayevuta kwa nguvu akidhani ni kama saa ya mkononi huchomoa au kukata kile kijiti cha ndani, na kijiti hicho hakiuzwi dukani, huchongwa kwa mkono. Tumia ukucha, si bisibisi wala pini ya chuma, kwa sababu kikiteleza kinachimba dhahabu.

Na huo mfuniko wa mbele: ukiufunga usiusukume mpaka ulie "ta". Bonyeza kichwa cha kujazia, teremsha mfuniko, kisha achia. Ule ulimi ndani ni wa chuma kigumu, ukingo wa mfuniko ni dhahabu laini, kwa hiyo kila "ta" inakula ukingo. Ndiyo sababu saa nyingi za aina hii leo mifuniko yake haishiki.

Barabara12

Mimi nitakuwa na shaka kidogo. Jina la Glashütte lilikuwa na soko kubwa, na viwanda vya Uswisi vilitengeneza saa zenye bamba linalofanana na la Glashütte vikaziandika "System Glashütte", yaani zimefuata mtindo tu. Tena kulikuwa na kampuni ya Nomos iliyoanzishwa palepale Glashütte mwaka 1906, ikawa inauza saa zenye mashine za Uswisi. Lange wakaishtaki, na mwaka 1910 biashara ile ikafungwa. (Nomos ya leo ni kampuni nyingine, imeanzishwa mwaka 1990.) Kwa hiyo saa yenye neno Glashütte bila jina la Lange mimi ningeiangalia mara mbili. Hebu kagua vizuri kama neno "System" halipo mahali, hasa ndani ya mfuniko wa ndani.

Mwana_Tongoni

Tahadhari ya Barabara12 ni ya haki, ila kwa saa hii hitimisho ni kinyume. "Deutsche Uhrenfabrikation Glashütte" ni jina la daraja la pili la A. Lange & Söhne wenyewe. Wakusanyaji huliita DUF kwa kifupi. Saa hiyo imetoka kwa Lange, ila si katika daraja lao la juu, na waliamua kwa makusudi kutoliandika jina la familia juu ya bamba lake.

Kwa nini kiwanda kifiche jina lake? Inabidi kurudi kwa mwanzilishi. Ferdinand Adolph Lange alizaliwa Dresden mwaka 1815, akajifunza kazi kwa Gutkaes, fundi saa wa jumba la mfalme wa Sachsen (moja ya falme za Ujerumani ya zamani), ambaye baadaye alikuja kuwa mkwewe. Alikwenda Paris akafanya kazi kwa Winnerl, akapita Uswisi na Uingereza, kisha akarudi na wazo moja: kuipeleka kazi ya saa kwenye bonde la Glashütte, mji wa milimani ambao migodi yake ya fedha ilikuwa imekwisha na watu wake wamebaki na dhiki. Serikali ya Sachsen ilimkopesha, na tarehe 7 Desemba 1845 akaanza na wanafunzi 15. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika saa.

Hapo ndipo ulipo utaratibu unaouona kwenye bamba lako. Kwa mafunzo ya watu wasiojua chochote, vipimo vya zamani vya Paris vilimsumbua, akavitupa na kuhesabu kila kipande kwa milimita. Kisha akawagawia kazi: huyu magurudumu tu, yule skrubu tu, mwingine mishale tu. Mafundi wake wa mwanzo walipoiva wakafungua karakana zao, zikimuuzia vipande. Kwa miaka 18 alikuwa meya wa mji ule. Alifariki mwaka 1875.

Bamba la robo tatu ndilo alama yao kubwa, na lilikamilika mwaka 1864. Saa nyingi za Uswisi za wakati ule kila gurudumu lilishikwa na daraja lake dogo, yaani kipande kinachovuka juu yake. Lange akayafunika magurudumu yote ya mwendo kwa bamba moja pana, akiacha nafasi ya balansi peke yake, yaani lile gurudumu linaloyumba huku na huku na kupima mwendo. Ekseli zote zinasimama wima kwa pamoja na hazichezi. Geuza saa yako: ukiona bamba pana la rangi ya dhahabu iliyofifia kama unga, lisilong'aa, linalochukua sehemu kubwa ya duara, na balansi peke yake kwenye pengo, umeliona.

Mwanawe Richard alipoingia mwaka 1868 kampuni ikawa A. Lange & Söhne, "na Wanawe". Emil alifuata. Mwaka 1898 Kaiser Wilhelm II alipomtembelea Sultani Abdul Hamid II alimzawadia saa ya Lange, kwa hiyo fahamu jina hilo lilikuwa limefika wapi. Jina la namna hiyo hulindwa. Daraja la kwanza liliuzwa kwa bei ambayo karani au msimamizi wa shamba la mkonge hakuigusa, na wanunuzi wa kati walikuwa wengi. DUF ikatengenezwa kwa ajili yao: mpangilio ule ule wa mashine, kazi ya mapambo imepunguzwa.

Tofauti zenyewe zitazame kwa lenzi ya mara 10. Kwenye daraja la kwanza mawe mekundu ya yakuti hukaa ndani ya pete ndogo za dhahabu zilizofungwa kwa vijiskrubu vya bluu, juu ya balansi kuna kipande cha almasi, na nanga pamoja na gurudumu lake ni vya dhahabu. Kwenye DUF mawe mengi hukaa moja kwa moja kwenye bamba bila pete, na nanga ni ya madini ya kawaida. Nanga ni kile kipande kinachotoa mlio wa saa. Wajerumani wenyewe wanakiita hivyo hivyo, nanga.

Kuhusu alama: taji ndani ya kiduara ni alama ya dhahabu ya Ujerumani chini ya sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1888. Fedha ilipewa mwezi mwandamo pamoja na taji. Kwa hiyo kasha lako ni la baada ya hapo. Kasha la Uswisi la 585 lingekuwa na alama ya kindi. Namba ya kasha kulingana na namba ya mashine ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Wakati wa vita ya 1914 Wajerumani walihimizwa kutoa dhahabu zao wapewe chuma, na makasha mengi yakaishia kwenye moto huku mashine zikivalishwa makasha ya bei ndogo. Saa ya dhahabu yenye namba zinazolingana imenusurika na hayo.

Sonara_Ngamiani

Niongeze la kwangu kuhusu dhahabu. Hiyo g 94 haisemi kitu. Ndani yake kuna mashine, kioo, springi za mifuniko ambazo ni chuma, na mfuniko wa ndani usio na muhuri. Saa nyingi zilitengenezewa mfuniko wa ndani wa shaba iliyochovywa dhahabu, na wa kweli huandikwa "Metall" ili mtu asidanganyike. Wako hauna 585, uhesabu kuwa si dhahabu mpaka upimwe.

Tuchukue mfano: tuseme dhahabu halisi ya kasha ni g 45. Mara 0.585 unapata g 26.3 za dhahabu safi. Hicho ndicho atakachobaki nacho anayeyeyusha, na mashine anaitupa. Saa nzima yenye namba zinazolingana haipaswi kukadiriwa kwa hesabu hiyo hata kidogo.

Kama mnataka kuthibitisha, msikubali mtu akwangue mfuniko kwa nje. Kipimo cha jiwe na asidi kinafanywa kwa ukingo wa ndani karibu na bawaba, msuguo mmoja mfupi, na saa ikiwa imetolewa mashine. Mvuke wa asidi ukibaki ndani ya kasha lililofungwa unaotesha kutu kwenye chuma kwa siku chache. Na msikubali "kung'arishwa" kwa mashine ya brashi. Kasha la karati 14 la miaka mia lina ukuta mwembamba, michoro ikishalainika hairudi, na mhuri ukifutika umepoteza ushahidi wako. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini wa mtoto, kasha likiwa tupu. Basi.

FundiMajira

Nije kwenye kusimama. Saa inayotembea robo saa na kuendelea ikitikiswa, mara nyingi haijavunjika. Mafuta ya zamani yamekauka yakawa kama gundi, nguvu ya springi inafika kwenye nanga ikiwa imechoka. Hewa ya pwani inaongeza la pili, kutu. Kispringi cha balansi ni cha chuma kilichogeuzwa rangi ya bluu, na alama ndogo ya kutu juu yake inabadilisha nguvu yake. Kitazame kwa lenzi: bluu safi ni heri, madoa ya kahawia ni kazi ya ziada.

Kabla ya kuifungua, pima sumaku. Weka dira bapa juu ya meza, sogeza saa taratibu juu yake. Sindano ikicheza, saa imeshika sumaku, na leo chanzo kikubwa ni spika ya simu na vifungo vya mikoba. Saa yenye sumaku hukimbia dakika nyingi kwa siku kwa sababu mizunguko ya kispringi inanatana. Dawa ni mashine ndogo ya kuondoa sumaku, kazi ya sekunde chache.

Sasa hatari za fundi asiyezijua. Ya kwanza ni kuondoa nanga au balansi springi kubwa ikiwa bado imejaa. Magurudumu yanaachiwa yote kwa pamoja, yanazunguka kwa kasi na kuvunja ncha za ekseli. Lazima ashike kichwa cha kujazia kwa vidole viwili, asogeze kijikufuli kinachozuia gurudumu la springi, na kukiacha kichwa kirudi polepole kati ya vidole mpaka nguvu iishe. Ya pili ndiyo ubaya wa hilo bamba zuri alilolisifu Mwana_Tongoni. Linaposhushwa, ncha zote za magurudumu lazima ziingie kwenye mawe yao kwa wakati mmoja. Mwenye haraka anakaza skrubu kabla ncha moja haijaingia, na anasikia "ti". Hiyo ni ekseli imekatika, na ekseli ya saa hii ni ya kuchonga upya kwenye mashine ya kukerezea. Utaratibu ni kulishikilia bamba kwa kidole bila kulikandamiza, kuongoza kila ncha kwa kibano, kisha kusukuma gurudumu la kwanza kidogo uone kama yote yanazunguka huru. Hapo tu ndipo skrubu zinakazwa, kwa zamu, nusu mzunguko kila moja.

Kuosha: benzini safi ya kujazia viberiti kwa vipande vya chuma na bamba. Spiriti usiiweke kwenye nanga wala kwenye balansi, kwani vijiwe vyake hushikwa kwa shelaki (gundi ya asili) na spiriti inaiyeyusha. Ukingo wa balansi ya zama hizo umekatwa sehemu mbili, ni chuma ndani na shaba ya manjano nje, ili joto lisibadilishe mwendo. Ukiugusa kwa kidole unapinda, na saa inapoteza ulinganifu.

Mafuta ya cherehani na ya nazi hayafai kabisa. Yanatambaa nje ya mawe na kugeuka gundi. Inatakiwa mafuta ya saa, kama Moebius 9010 kwa ncha za kasi, na mazito zaidi kwa magurudumu ya mwanzo. Kikombe cha jiwe, yaani kijishimo kinachozunguka tundu lake, kijae nusu mpaka theluthi mbili tu. Ncha za ekseli ya nanga haziwekwi mafuta.

Springi kubwa ikiwa imechoka, ipimwe ya zamani: upana, unene na urefu. Unene ndio unaodanganya watu, kwa sababu nguvu inapanda kwa unene × unene × unene. Springi ya mm 0.21 badala ya 0.20 inaonekana ni kitu kimoja, lakini ina nguvu zaidi kwa asilimia 16 hivi. Balansi inazunguka kupita kiasi, inagonga nyuma ya nanga, na saa inakimbia ovyo. Mtu anadhani kispringi kimeharibika, kumbe fundi ameweka springi nene.

Baada ya kazi, saa hii inapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa sekunde. Programu ya simu ya kusikiliza mlio inatosha kwa kuanzia. Weka saa pembeni ya maikrofoni, usiilaze juu ya simu. Ikilala kifudifudi au chali huku imejaa, mzunguko wa balansi ukaribie digrii 270. Ikisimama wima utapungua kidogo, hiyo ni kawaida.

Chumbageni77

Nawashukuru wote, Mungu awabariki. Kijipini kipo kweli, upande wa kulia wa shingo, na mishale imesogea kwa kukibonyeza. Neno "System" halipo popote. Mfuniko wa ndani, kwa lenzi, una neno "Metall" dogo sana karibu na bawaba. Dira imecheza. Bamba ni pana, balansi iko peke yake, mawe hayana pete. Kispringi kina doa moja la kahawia karibu na ukingo wa nje.

Sonara nimeshamwambia hapana. Sasa nifanye nini kwanza: kuitengeneza au kutafuta karatasi zake?

Mwana_Tongoni

Kuondoa sumaku kwanza, kisha karatasi, halafu matengenezo. Kiwanda kilitaifishwa mwaka 1948 na kuunganishwa na vingine vya Glashütte mwaka 1951, lakini Walter Lange, kitukuu wa mwanzilishi, alikisajili upya tarehe 7 Desemba 1990, siku ile ile ya 1845. Wanatoa dondoo kutoka kwenye daftari za zamani kwa kutumia namba ya mashine. Waandikie kwa namba, picha ya bamba, ya muhuri wa kasha na ya uso. Piga picha mchana kwenye kivuli, si kwa mwanga wa simu, maana dhahabu inarudisha mwanga na namba haisomeki. Dondoo likija utajua mashine ilikuwaje ilipotoka kiwandani, na fundi yeyote atakayeishika baadaye atakuwa na cha kulinganisha nacho.

FundiMajira

Na katika kusubiri, msiijaze. Mafuta makavu yana vumbi ndani yake, na vumbi linakula ncha kama msasa. Itieni kwenye kopo la bati au chupa yenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti mbili tatu za silika (punje za kunyonya unyevu) zinazobadili rangi. Zikigeuka, zikausheni kwenye oveni ya moto mdogo na kuzirudisha. Isikae na nafthalini wala ndani ya mfuko wa mpira. Doa hilo la kutu lisiguswe kwa mafuta wala pamba. Likiwa upande wa nje wa kispringi linaweza kusimamishwa. Akilisugua mtu asiyejua, kispringi kinapinda, na kukinyoosha ni kazi ya siku nzima kwa fundi aliyeizoea.

Fundi mtakayempata, mwambieni akuonyesheni kwanza jinsi anavyoitoa nguvu ya springi kubwa. Akifungua skrubu ya balansi kabla ya hapo, ichukueni saa yenu.